Mwendo wa Kusimama

3 Oktoba

Leo roboti yetu imemeza mpira wa kwanza na kuutema ndooni bila kushikwa. Tumempa jina Sangara. Kahigwa alitaka jina la Kizungu, tukamzomea.

Tuko wanne, wote kidato cha tatu. Kahigwa ni nahodha, kwanza kwa sababu baba yake ni daktari, pili kwa sababu mwenyewe anaamini hakuna mwingine anayefaa. Nkwabi ndiye fundi, anakaza nati kwa vidole mpaka sisi wengine tunahitaji spana kuifungua. Maulida ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na ana tabia moja inayonikera: anaomba radhi kwa mambo ambayo hakuyafanya. Umeme ukikatika, Maulida anasema samahani. Wa nne ni mimi, Najat, na daftari hili sitalionyesha mtu, kwa hiyo humu sitamsifia yeyote kwa adabu tu.

5 Oktoba

Mwalimu Deodatus, anayetuandaa kwa mashindano ya roboti, ametugawia miendo. Mechi inaanza na sekunde chache ambazo hakuna anayeruhusiwa kugusa rimoti, roboti inajiendesha yenyewe kwa mwendo ulioandikwa kabla. Nyuma ya gurudumu la kulia kuna swichi ya kuzungusha yenye namba moja mpaka nne. Unachagua namba, unatoka uwanjani, unamwachia Mungu. Kazi ya kuzungusha nimepewa mimi kwa kuwa vidole vyangu ni vyembamba, na cheo chenyewe kinaitwa mchaguzi. Nimekipenda kuliko nilivyoonyesha.

Mwendo wa kwanza ni wa Kahigwa, tumeuita Kivuko, unavuka uwanja moja kwa moja mpaka ng'ambo. Wa pili ni wangu, Usagara, kama ule mji wa njia panda nje ya jiji, unafuata mstari mweupe mpaka njia panda halafu unakata kushoto. Wa tatu ni wa Nkwabi, Mkuyuni, kwa sababu unabeba kila unachokikuta kama uko sokoni. Wa nne ni wa Maulida.

“Mimi nilikuwa nautaka huu wa njia panda,” alisema.

“Una hesabu nyingi huo, niachie mimi. Wewe andika wa kusimama.”

“Wa kusimama?”

“Kwenye mechi tunapangiwa wenza, timu nyingine ya kucheza upande wetu. Wenza wakitaka kukatiza uwanja, sisi tukae wapi? Lazima tuwe na mwendo wa kutulia mahali pamoja.”

“Basi sawa. Samahani, sikujua.”

Tumeuita Bismarck, kama lile jiwe la pale ziwani ambalo watu wanapiga nalo picha na halijawahi kwenda popote. Nilichomwambia ni kweli, kimo kwenye kanuni. Ila Usagara niliutaka tangu mwanzo.

8 Oktoba

Mvua. Umeme hakuna. Maulida kaomba samahani.

11 Oktoba

Kanuni zinataka roboti ivalishwe bampa za mbao zilizofunikwa kitambaa, vinginevyo haichezi. Baba yake Maulida, Mzee Makame, ni fundi cherehani pale Mkuyuni. Leo amekuja na futi yake shingoni, akampima Sangara kila upande kwa heshima kama anampima bwana harusi. Tulimwamkia, akatuitikia mmoja mmoja.

“Na mwanangu anafanya nini humu?” aliuliza.

“Ameandika mwendo wa nne, mzee,” Mwalimu akamjibu.

“Jioni huwa namhitaji dukani. Mama yake hayupo tena, mnajua. Lakini kama mashine hii inamtaka, basi nitakaa na wateja peke yangu. Siku mkimaliza naye mniambie.”

Maulida aliinamisha uso, na nilijua anatabasamu. Dukani hapapendi. Amewahi kuniambia kwamba akishika mkasi anasikia maisha yake yanakatwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Hapa, mbele ya kompyuta, anakaa wima.

15 Oktoba

Bampa zimefika. Nyekundu upande mmoja, bluu upande wa pili, namba yetu imeshonwa mara mbili pembeni. Hata Kahigwa amezipapasa kwa kiganja.

17 Oktoba

Barua ya waandaaji imekuja: uwanjani wanaruhusiwa watatu tu kwa kila timu, yaani mwendeshaji, fundi na mchaguzi. Na watakaotajwa pamoja na timu ni hao watatu. Wa nne ni mtazamaji.

Mwalimu Deodatus anapenda haki, na haki yake ni ile inayoandikika ubaoni. Akachora safu nne. Kila jioni kila mwendo utapewa zamu, pointi zitaandikwa, na mwisho wa mwezi mwenye pointi chache anatoka.

“Kuna mwenye swali?”

Maulida alinyanyua mkono nusu, akaushusha. Mwendo wa kusimama hauleti pointi. Hauwezi kuleta hata mbingu zikianguka, kazi yake ni kutofanya kitu. Mimi nilijua, Nkwabi alijua, na Kahigwa alinitazama kuona kama nitasema. Mimi ndiye niliyempa ule mwendo, na ningesema mstari mmoja tu, Mwalimu angeelewa, maana si mjinga.

Sikusema. Usagara wangu una ugonjwa. Ukumbi wetu una mabati ya kupitisha mwanga, na wingu likipita juu, roboti inapoteza mstari na kugonga ukuta. Mwendo wa Maulida usipohesabiwa, wa mwisho ni mimi. Naandika hivi ili kesho nisijidanganye kwamba nilisahau.

20 Oktoba

Jua kali. Usagara umekata kona vizuri, mipira yote ndani. Bismarck, sifuri.

21 Oktoba

Wingu kutoka ziwani. Usagara umegonga ukuta mara mbili. Bismarck, sifuri.

22 Oktoba

Nimegundua jambo. Mchaguzi ndiye anayepanga zamu. Mwalimu anataka kila mwendo upate zamu yake, hakusema zije kwa mpangilio gani. Sasa nikifika nachungulia mlangoni. Jua likiwaka, natangulia na Usagara. Likifunikwa, nazungusha nne, Sangara anatulia pale katikati na bampa zake nzuri, sisi sote tunamwangalia asivyofanya kitu, na Kahigwa anacheka kwa sauti.

“Huyu naye anakula pointi kwa macho,” amesema leo.

Maulida alicheka pamoja nasi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba alicheka.

25 Oktoba

Jua. Nimeanza kuombea mvua ichelewe mpaka saa kumi na moja. Wenye mashamba huko Misungwi wanaombea inyeshe. Tutaona nani anasikilizwa.

28 Oktoba

Maulida amenisubiri getini.

“Najat, nisaidie kumwambia Mwalimu.”

“Kumwambia nini?”

“Kwamba ule mwendo hauna pointi. Kwamba ulinipa wewe.”

“Si una mdomo?”

“Nikisema mimi nitaonekana natafuta huruma. Ukisema wewe itakuwa maelezo. Wewe anakusikiliza.”

Alikuwa ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Tangu utotoni akiogopa hushika kitu hivyo. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikaichukia ile huruma, kwa sababu ilikuwa inanitaka nitoe kiti changu.

“Nitaona,” nikamwambia.

Kwetu, mtu mzima akikwambia nitaona, ujue imeshaisha. Maulida anajua hilo. Hata hivyo alisema, “Ahsante, Najat,” na akasema vizuri kabisa.

31 Oktoba

Mwalimu amejumlisha mbele yetu. Kahigwa wa kwanza, Nkwabi wa pili, mimi wa tatu. Kwenye safu ya Maulida kulikuwa na sifuri zimepangwa kutoka juu mpaka chini, nadhifu, maana ziliandikwa na mimi.

“Kuna mwenye la kusema kabla sijafuta ubao?”

Maulida alinitazama. Siyo kwa hasira. Alikuwa ananingojea, kama unavyomngojea mtu aliyekwambia yuko njiani. Mimi nilikuwa nakaza skrubu iliyokwisha kukazwa, nikaendelea kuikaza mpaka kichwa chake kikaliwa.

“Haya. Maulida, umejitahidi, lakini namba hazina ndugu. Safisha kazi yako kabla hujaondoka.”

Ndiyo desturi ya Mwalimu: anayeondoka mezani huacha meza safi. Ukiondoka maabara unafuta meza, ukimaliza mwaka unafuta jina lako kwenye kiti. Kwa hiyo Maulida alikaa kwenye kompyuta akafuta Bismarck kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nikasimama nyuma yake kuhakikisha. Alipomaliza alianza kunieleza kitu.

“Najat, namba nne sasa iko tupu. Ila angalieni, ikikosa kitu inarudi...”

“Sawa, sawa.”

“Inarudi kwenye...”

“Maulida, nimesema sawa.” Nilikuwa natafuta chaja, na nilitaka aondoke kabla sijamwangalia usoni.

“Samahani,” akasema, akatoka.

Nkwabi akauliza, “Na bampa za baba yake?”

“Bampa ni za shule,” akajibu Mwalimu.

4 Novemba

Nimepita Mkuyuni kununua betri. Maulida alikuwa dukani, anapasua kitenge cha mteja. Mzee Makame ameniona kwanza.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Sangara hajambo?”

“Hajambo.”

“Mwambieni tunamwombea.”

Maulida hakuinua kichwa. Nilinunua betri zisizo sahihi.

9 Novemba

Mvua siku nzima. Usagara, ukuta.

13 Novemba

Nkwabi hasemi nami ila kwa lazima. Leo nimemuuliza ana nini.

“Mimi nilidhani wewe ni lafiki yake,” alisema kwa lafudhi yake ya Kisukuma, huku anapangusa grisi kwenye vidole, kimoja kimoja.

“Na wewe ulikuwa na mdomo wako, Nkwabi. Mbona hukuutumia?”

Alifikiri sana. “Kweli,” akasema. Kisha akarudi kwenye gurudumu lake. Ningependa angetukana.

19 Novemba

Umeme umekatika katikati ya majaribio. Tulikaa gizani sote watatu na hakuna aliyesema samahani. Nilingojea mtu aseme. Nimeona aibu, halafu nimemkasirikia Maulida, kana kwamba yeye ndiye aliyenitia ile aibu mfukoni akaondoka. Usagara hautengenezeki, nimejaribu kila kitu ninachokijua. Kuna kitu Maulida aliwahi kusema kuhusu kupima mwanga kabla ya kuanza, na siwezi kwenda kumuuliza.

26 Novemba

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Mama kanisukia nywele upya.

30 Novemba

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana kesho nitataka kuyapanga vingine.

Ukumbi ni ule mkubwa wa mjini, Nyamagana, watu wamejaa mpaka madirishani. Mwalimu Deodatus amevaa suti. Kwenye ngazi za watazamaji, safu ya tatu, nilimwona Mzee Makame kwa kanzu na kofia, na Maulida pembeni yake. Mzee alikuja kuona bampa zake zinavyocheza. Kila Sangara alipogongwa na kurudi mchezoni, mzee alikuwa anamgusa jirani yake na kunyoosha kidole.

Mechi za asubuhi tulishinda kwa Kivuko na Mkuyuni. Usagara sikuuchagua hata mara moja, mawingu yalikuwa yamelala juu ya mji, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Hivyo ndivyo nilivyokaa uwanjani, na beji ya mchaguzi shingoni, kwa mwendo ambao sikuthubutu kuutumia.

Nusu fainali tukapangiwa wenza, wasichana wa shule moja ya Bukoba. Nahodha wao anaitwa Specioza, mrefu, mpole, anaongea taratibu kama anasoma. Roboti yao ina mkono mrefu wa bati walioukunja wenyewe, kazi ya mwaka mzima.

“Sisi tunakatiza uwanja kutoka kona hii mpaka ile,” alisema. “Tukifika tunapata pointi zinazotosha sote. Ninyi mnatakiwa mtulie tu mpaka tupite. Mnao mwendo wa kusimama?”

Kahigwa alinitazama. Nkwabi alitazama chini. Ningeweza kusema hatunao. Wangebadilisha njia, tungepata pointi chache, huenda tungeshindwa, na mtu angeuliza kwa nini timu inayofika nusu fainali haina hata mwendo wa kusimama. Halafu nikawaza: namba nne iko tupu. Kitu kitupu hakifanyi kitu. Kusimama ndiyo hiyo hiyo.

“Tunao,” nikasema.

Nikainama nyuma ya gurudumu, nikazungusha nne. Pale pembeni ya swichi bado kulikuwa na kipande cha plasta chenye neno Bismarck, mwandiko wa Maulida, herufi za duara. Nilitoka uwanjani nikakunja mikono.

Kengele ililia. Roboti ya Bukoba ikaanza kukatiza, taratibu, mkono juu. Sangara akatulia kidogo, kama anafikiri, halafu akaondoka kwa kasi yote ya Kivuko, moja kwa moja, akawapiga ubavuni. Ule mkono wa bati ulikatika kwenye maungio ukaruka mpaka miguuni kwa mwamuzi. Bampa yetu nyekundu ikachanika ikaburuzwa sakafuni. Mwamuzi akapuliza filimbi, na timu zote mbili tukatolewa, wao kwa kushindwa kuendelea na sisi kwa kuwavunja.

Wale wasichana walikimbilia roboti yao. Wawili waliinama kuokota skrubu. Specioza alikuja mpaka mbele yangu.

“Ulisema mnao,” akasema.

Akageuka akaenda kuwasaidia wenzake.

Kahigwa alifungua kompyuta pale pale sakafuni. Aliisoma programu mara moja tu, akanionyesha kwa kidole. Kwenye sehemu ya pamoja, ile aliyoiandika Kahigwa mwenyewe siku za mwanzo, kulikuwa na mstari unaosema: namba isiyo na kitu, rudi mwendo wa kwanza. Ndicho alichotaka kuniambia Maulida siku ile nilipokuwa natafuta chaja.

“Umeona?” Kahigwa akauliza kwa sauti ya chini.

“Nimeona.”

Akaifunga kompyuta.

Mwalimu Deodatus alifika jasho likimtoka shingoni. “Ilikuwa namba ngapi?”

“Nne,” nikasema.

“Nne ni ya nani?”

Hapa ndipo. Nilikuwa na nafasi, tena ndefu kuliko ile ya tarehe thelathini na moja. Mwalimu alikuwa ananitazama mimi peke yangu.

“Ya Maulida,” nikasema.

Kila neno la hayo mawili ni kweli.

Mwalimu alipanda ngazi mpaka safu ya tatu. Hakumvuta Maulida pembeni. Alisimama mbele ya baba yake na watu wote waliokuwa pale.

“Nilikwambia usafishe kazi yako. Hata baada ya kutoka umetuachia uchafu. Umewavunjia wageni kitu chao, umeiaibisha shule. Ni kinyongo au ni uvivu?”

Maulida alinitafuta kwa macho akanipata. Alikuwa anangojea tena, ila safari hii hakungoja sana. Nilimwona anaelewa. Uso wake haukubadilika, ni mikono tu iliyoanza kutafuta kitu cha kushika kifuani, na hakuwa na mkoba.

“Samahani, Mwalimu,” akasema.

Mzee Makame alisimama akavua kofia. Sijawahi kumwona mzee yule kichwa wazi.

2 Desemba

Nkwabi ameacha kuja. Amerudisha spana zote, zimefutwa safi.

3 Desemba

Nimekwenda mpaka kona ya duka la Mzee Makame nikarudi. Nilikuwa nimepanga maneno. Yalikuwa mazuri sana, na kila nikiyarudia yalikuwa yananihusu mimi tu.

6 Desemba

Siku ya kufunga shule. Mwalimu ametangaza mstarini kwamba mwakani nahodha ni mimi, kwa sababu Kahigwa anahamishiwa Dar na kwa sababu, alisema, nilibaki mtulivu wakati wa tatizo. Wakapiga makofi. Mimi nikashukuru.

Baadaye, tunafungasha vifaa, Mzee Makame akaingia ukumbini. Kwapani alikuwa na kifurushi cha gazeti. Maulida alibaki mlangoni, kwenye mwanga, begi la safari miguuni.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mwalimu yupo?”

“Ametoka kidogo.”

“Basi nitakuachia wewe, wewe ndiye mwenzake Maulida.” Alifungua gazeti. Ndani kulikuwa na bampa mpya, nyekundu, namba yetu imeshonwa mara tatu pembeni. “Ile ilichanika kwa makosa yetu. Nimeshona kitambaa kizito zaidi. Na hii nyingine ya bluu wapelekeeni wale wa Bukoba, vipimo nimekisia kwa macho. Mtusamehe.”

“Baba, si...”

“Ngoja nimalize. Nimemwuliza Maulida, hasemi kitu, anasema samahani tu. Kwa hiyo nimejua ni kweli. Nampeleka kwa shangazi yake Usagara, atasoma kule, jioni atajifunza kushona. Labda kompyuta haikuwa riziki yake.” Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa mtu aliyezoea kugusa nguo za watu wakiwa wamezivaa. “Nakushukuru wewe kwa kumvumilia. Mwanzoni aliwahi kunieleza kwamba hata ule mwendo, wewe ndiye uliyempa ili asikose kazi.”

Nilitazama mlangoni. Maulida alikuwa ananitazama, na safari hii hakuwa anangojea kitu.

“Ahsante, baba,” nikasema.

Waliondoka. Nilipiga magoti nikamvalisha Sangara bampa mpya. Imekaa vizuri kuliko ile ya kwanza.